Bomba la Dada Kolasta

Sikwenda Kisambwe kutembea. Mlima ule nimezaliwa juu yake, na mtu wa umri wangu hapandi Uluguru kwenda kutazama mandhari. Nilikwenda kwa sababu dada yangu Kolasta alinipigia simu, na Kolasta si mtu wa kupiga simu. Yeye hubipu, akakaa kimya akisubiri umpigie. Siku ile alitumia vocha yake mwenyewe, nikajua kuna jambo.

"Gaspa," alisema, hata salamu hakungoja, "bomba lako limekufa. Njoo ulifufue."

Lako! Miaka yote likitiririka lilikuwa bomba letu, siku lilipokauka likawa langu. Lakini alikuwa na haki. Mimi ni fundi bomba, na yale maji ya Kisambwe yaliyokuwa yakishuka yenyewe kutoka kwenye chemchemi, bila mashine wala umeme, niliyateremsha mimi kwa mikono hii, nikiwa bado na nguvu za kubeba mfuko wa saruji mlimani.

"Limekufa lini?"

"Tangu mwaka jana linakohoa. Sasa limekata roho. Agripina amebakiza mwezi mmoja, na zahanati wanataka kila mzazi aje na ndoo mbili za maji. Ndoo, Gaspa. Unajua ndoo ilitufanya nini."

Nilijua. Agripina ndiye binti yake wa pekee. Masika ya mwaka uliotangulia, bomba lilipoanza kukohoa, alikwenda kuteka maji mtoni akiwa na mimba ya miezi sita. Njia ikamtelezesha, akaanguka na ndoo, na mimba ikatoka. Sasa alikuwa na nyingine. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye anayeulizwa. Nikafunga vifaa vyangu kwenye mfuko wa salfeti: spana ya bomba, msumeno wa chuma, tepu, na koki mpya kabisa niliyoinunua nikiwa na uhakika wangu wote wa kijinga.

Kihonda, mtaani kwangu mjini, tuliondoka alfajiri, kabla jua halijachomoza. Nilipata lifti kwenye Kanta, lori dogo la mboga la kijana mmoja anayeitwa Shabani, aliyekuwa akipanda mlimani na matenga matupu ili ashuke nayo yamejaa. Shabani ana mdomo. Tulipopita Mzumbe alikwishanitania mpaka basi.

"Mzee Gaspa, nyie Waluguru mna vituko. Mmekalia tangi la maji la Dar es Salaam nzima, halafu mnashuka mjini kutafuta koki!"

Nikacheka. Utani ni utani. Lakini maneno yake yaliniingia, maana ni kweli mito ya mlima wetu inanywesha watu wasiolijua hata jina la kijiji kimoja kilichoko juu.

Sangasanga tuliiacha lami, na Mlali tukasimama kupata chai ya asubuhi. Mama lishe alikuwa na ugali wa moto na kabichi iliyokaangwa na karoti. Nilikula nikaramba vidole. "Hiyo ni ya juu huko," alisema kwa fahari, "ya jana tu, bado ina umande." Nikamsifu. Nikaongeza na sahani ya pili, na leo nikiikumbuka ile sahani ya pili najisikia vibaya.

Kuanzia hapo ni kupanda tu. Gari linalia, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili huoni chini. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Nilikuwa nikihesabu vijito kama nilivyozoea tangu utoto, maana kila kona ilikuwa na kijito chake, na zamani dereva akisimama unashuka unakunywa kwa viganja. Siku ile nilihesabu makalavati yaliyokauka. Kwenye vijito viwili vilivyobaki na maji niliona vijana wamesimama katikati na pampu za mgongoni wanazisuuza dawa ya wadudu. Povu jeupe lilikuwa linashuka.

"Hayo maji yanakwenda wapi?" nilimuuliza Shabani.

"Yanakwenda kwenu mjini, mzee. Usiulize sana, utashindwa kunywa chai."

Saa nne na nusu gari lilifika mwisho wa barabara. Shabani akaniambia atapita kunichukua kesho kutwa asubuhi, akaenda zake mnadani. Nikatia mfuko begani, nikaanza kupanda kwa miguu.

Kabla ya kufika kijijini nilimkuta dada yangu njiani. Alikuwa ananitangulia, anapanda polepole na ndoo ya lita ishirini kichwani, mkono mmoja umeshika goti kulisukuma. Nilimjua kwa kanga yake. Nikaita kwa furaha, "Shikamoo dada!"

"Marahaba. Usinisemeshe, nitamwaga."

Tukaendelea hivyo, yeye mbele mimi nyuma, kimya kama watu waliogombana, mpaka uani kwake. Hapo nilimsaidia kutua ndoo. Alipovua ngata niliona utosini hakuna nywele, pametoka upara wa mduara, mdogo kama kisahani. Kolasta ana miaka zaidi ya sitini. Upara ule alikuwa nao zamani, kabla ya bomba, na wakati wa bomba nywele zilikuwa zimerudi. Nilimtania sana wakati ule kwamba amekuwa binti. Sasa sikuwa na utani.

"Sasa nisalimie vizuri," alisema akicheka. "Karibu mjomba wa watu."

Agripina akatoka ndani kwa kujivuta, tumbo mbele, akapiga magoti kidogo. "Shikamoo mjomba." Akaniletea maji ya kunawa kwenye kibakuli. Kibakuli, si jagi. Nikanawa, na nilipotaka kuyamwaga nje wote wawili wakapiga kelele pamoja. Maji yale yalikuwa bado na kazi: yangeosha vyombo, kisha yangepewa nguruwe. Niliona aibu kama mgeni aliyekanyaga mkeka na viatu.

Mchana, tukila, nilikuwa nalitazama bomba. Lilikuwa limesimama pale pale nilipolisimika, kwenye kijukwaa cha zege karibu na mlango, na herufi za jina langu nilizoziandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Nilikumbuka siku lilipofunguliwa. Kolasta alifua nguo zote za nyumba ile, chafu na safi, mpaka mapazia, na alipomaliza akaziloweka tena. Tulicheka mpaka machozi. Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Agripina alikuwa anakwenda shule amekwisha kuoga, na soksi nyeupe, hachelewi, mpaka akamaliza kidato cha nne. Kolasta akapata asubuhi. Sijui niseme vipi kwa ninyi mlio na bomba ndani: dada yangu alikuwa hajawahi kuwa na asubuhi. Tangu utoto asubuhi yake ilikuwa njiani. Akaanza kukaa uani saa moja na kikombe cha chai, miguu ameinyoosha, hafanyi kitu. Alinipigia simu kunieleza hilo tu, kwamba amekaa.

Agripina alipokwenda kulala, Kolasta akaninong'oneza. "Kila akiamka anakwenda pale, anafungua koki, anainama, anatega sikio. Kila siku ya Mungu. Nimemwambia acha, anasema labda leo. Ndiyo maana nimekuita."

"Kesho yatatoka," nilisema. Nilisema hivyo bila hata kwenda kutazama.

Siku ya pili, asubuhi, tulipanda kwenye chanzo watu watatu: mimi, Kolasta, na Deo, mume wa Agripina. Deo ni kijana mchapakazi, mpole, mkulima wa mboga. Alinibebea mfuko, akabeba na jembe. Nilikuwa nawaeleza njia nzima habari za mchanga kuziba chemba ya kukusanyia maji, mizizi kuingia kwenye bomba, hewa kukwama. Mafundi tuna maneno mengi tukiwa na wasiwasi.

Tulipotokeza mgongoni mwa kilima nikasimama. Nilidhani tumepotea.

Chanzo kile nilikiacha msituni. Palikuwa na mkuyu mkubwa, na chini yake giza, na ubaridi wa kukufanya uvae sweta saa sita mchana. Sasa palikuwa peupe. Kabichi zimepangwa mistari kwa mistari kuanzia juu hadi kwenye kifuniko changu cha zege, na kando yake mikaratusi michanga imepandwa ya kuuzwa nguzo. Mkuyu ulikuwa kisiki. Katikati ya kabichi kibao changu kilikuwa kimesimama bado, nilichokiandika kwa rangi nyekundu kwa mkono wangu: CHANZO CHA MAJI. NI MARUFUKU KUPITA HAPA.

"Shamba la nani hili?" niliuliza, na sauti ilikuwa imepanda.

 Deo akatua jembe chini. "Ile mistari ya juu ni ya watu wa ng'ambo ya bonde. Hii ya huku ni yangu, mjomba."

Nilimtukana. Sitaandika nilivyomtukana. Nilimwambia ameua mtoto wake wa kwanza kwa panga na anamlia kwa macho. Alisimama ameinamisha kichwa mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akasema, taratibu, bila jeuri:

"Mjomba, mimi nilipakuta pori tu. Watu wa ng'ambo walikwishaanza kukata, hakuna aliyewauliza. Nikaona watalimaliza lote, bora na sisi tupate. Hapa hakuwa anapita mtu."

Hapo Kolasta akakaa kwenye kifuniko cha zege. "Kweli hakuwa anapita mtu," alisema. "Ulitukataza."

Lazima nieleze, maana hapa ndipo penye kidonda. Zamani chemchemi ile ilikuwa ya ukoo wetu, lukolo kama tunavyoita, na wanawake wa ukoo ndio waliokuwa wakiteka pale kila siku. Walikuwa na utaratibu wao. Anayefika wa kwanza asubuhi anaokota majani yaliyoanguka, anachota kata ya kwanza, na hiyo hainywi wala haitii kwenye mtungi. Anaimwaga kwenye mizizi ya mkuyu na kuusalimia. Sufuria yenye masizi haichovywi. Bibi yetu alikuwa akisema maji yasiyosalimiwa huhama. Nilipokuja na mabomba yangu nilicheka. Niliitisha mkutano nikawaambia akina mama wale, mbele ya wageni wa mradi wa maji ulionilipa, kwamba miguu yao ndiyo inayoleta kinyesi na minyoo kwenye chanzo, kwamba kuanzia leo maji yatawafuata nyumbani, wasionekane tena huku juu. Wakapiga vigelegele. Nikapigilia kibao.

Wakatii! Wanawake wote wa Kisambwe wakatii kibao changu, na miaka ikapita bila mguu hata mmoja wa mwenye mali kukanyaga pale. Wasiotii ni wale wasiokuwa na haja ya maji yale. Mtu akija na panga zamani angekutana na wanawake ishirini wenye ndoo, na wanawake wa kwetu hao, angelirudisha panga alani mwenyewe. Sasa alikutana na kibao. Mimi nilifikiri salamu ile ni ushirikina, kumbe ilikuwa ulinzi.

Kolasta alinitazama, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nikakupigia simu uje ukague chanzo," alisema. "Kumbe nimemwita chanzo mwenyewe."

Ilikuwa utani. Dada yangu hutania hata msibani. Lakini nilishika jembe ili nipate cha kushika.

Mpaka saa tatu nilikuwa nimeng'oa kifuniko na kushuka ndani ya chemba. Ndani palikuwa na tope kavu lililopasuka, na vifuko tupu vya dawa. Nilichimba. Deo akashuka naye akachimba upande wake. Kiasi cha kufika kiunoni, udongo ukabadilika rangi. Nikaugusa, ukanilowesha kidole. Nikapiga ukelele kama mtoto. Tukachimba kwa fujo sasa, Kolasta juu anaimba wimbo wa kanisani, na kweli, kwenye ufa wa mwamba, maji yakaanza kutoka kama jasho. Nikatega sufuria ndogo chini yake. Tukakaa pembeni tukayasubiri.

Tulisubiri mpaka jua likawa utosini.  Saa saba nilishuka kuitazama sufuria. Yalikuwa yanajaza kikombe, pengine na kidogo zaidi, na ufa ulikuwa umekauka.

Nilimpandishia Kolasta sufuria kwa mikono miwili. Nilitaka anywe yeye. Akaipokea, akayanusa, akainuka kwa kushika kiuno, akaenda hadi kwenye kisiki cha mkuyu akayamwaga yote.

"Dada, unamwaga!"

"Ndiyo kata ya kwanza," alisema. "Mkuyu, umeamkaje."  Kisha akanirudishia sufuria tupu. Deo alikuwa amegeuka upande wa pili, mabega yanatikisika.

Jioni, ili nisikae bure, nilichukua ndoo nikasema leo naenda mtoni mimi. Kijiji kizima kilitoka kutazama. "Mjomba ameolewa!" mwanamke mmoja alipaza sauti, na vicheko vikaenda nyumba hadi nyumba. Kushuka ni rahisi. Kupanda na ndoo kichwani, jamani, mimi niliyejiita mwana wa mlima, nilipumzika mara nyingi hadi nikaona haya. Maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai na yananuka dawa ya kabichi. Nilifika na nusu ndoo, shati limelowa. Kolasta akayaacha yatulie, akayachuja kwa kitambaa, akayachemsha. Harufu haikutoka. Tuliyanywa.

Siku ya tatu, alfajiri, niliamka nikamsikia Agripina uani. Nilitazama kupitia uwazi wa dirisha. Alikuwa ameinama kwa tabu na tumbo lake, mkono kwenye koki, sikio karibu na mdomo wa bomba. Alikuwa amekwishaambiwa jana tulichokiona kule juu. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akafunga koki vizuri, kama kwamba kulikuwa na kitu ambacho kingeweza kumwagika.

Kolasta alinijia baadaye na spana yangu mkononi. "Ling'oe," alisema.

"Dada..."

"Ng'oa hiyo koki, Gaspa. Kama huwezi kuleta maji, basi ondoa hiki kinachomdanganya mwanangu."

Nimefunga koki nyingi maishani. Ile ndiyo ya kwanza kuing'oa kwa machozi. Ilikuwa imeshika kutu, nikaizungusha kwa nguvu zangu zote, na ilipotoka bomba likatoa pumzi fupi ya hewa iliyokuwa imekwama. Agripina aligeuka haraka. Ilikuwa hewa tu. Koki mpya niliyokwenda nayo nilirudi nayo, na ile ya zamani pia.

Wakati wa kuaga nilimwambia Kolasta nitatafuta njia, nitaongea na watu mjini. Alinishika mkono. "Wewe nenda," alisema. "Mimi bado nina kichwa. Mtoto atazaliwa kwa ndoo zangu."

Kanta ya Shabani ilishuka imejaa hadi juu, na mimi sikupata nafasi mbele, nikakaa juu ya mzigo. Kabichi. Nilikaa juu ya kabichi za Kisambwe kuanzia mlimani mpaka mjini, nzito, baridi, zikitoa maji kila mahali zilipochubuka, suruali yangu ikalowa. Maji ya dada yangu yalikuwa yanateremka mjini kwa gari, nami nimeyakalia.

Kihonda mke wangu aliniuliza, "Limefufuka?" Nikaweka koki mbili mezani, akaelewa. Ziko pale mpaka leo.

Niliongea na watu, kama nilivyoahidi. Wakaniambia niandike barua. Niliandika. Kama kuna nilichojifunza safari ile ni kwamba kumpelekea mtu maji na kumwondoa kwenye maji yake nilidhani ni kazi moja, na nililipwa kwa kazi hiyo, na nilipigiwa vigelegele. Kisiki hakisikii barua.

Majuma matano baadaye, asubuhi moja nikiwa uani namwagilia mchicha kwa mpira, simu iliita. Alikuwa Agripina.

"Mjomba, nimejifungua, tangu juma lililopita. Wa kike. Tumempa jina la mama."

"Mungu mkubwa! Na mama yuko wapi, mpe simu nimpongeze."

 Badala yake akanieleza. Uchungu ulipoanza, Deo alimpakia kwenye pikipiki na ndoo moja, ya pili haikupata pa kukaa. Kolasta akasema tangulieni, hiyo nitaileta. Asubuhi ile yalikuwa yamepita manyunyu, ya kulowesha njia, si ya kujaza ndoo. Watu walimkuta saa sita, kwenye njia ya mtoni inayokwenda pia zahanati, palepale alipoanguka Agripina masika yale. Nyonga imevunjika. Yuko hai, amelala ndani, hasimami, na watu wa hospitali wanasema kwa umri wake huenda asisimame tena.

"Sasa nani anateka maji?" niliuliza.

"Mimi, mjomba. Mtoto namfunga mgongoni." Nilimsikia anapumua. Alikuwa njiani, anapanda. "Mjomba, na huko kwenu maji yapo?"

Mpira ulikuwa mkononi mwangu, unamwaga. Nilinyoosha mkono nikaifunga koki kwanza, asije akayasikia. Ndipo nikamjibu.

"Ya shida shida tu, mwanangu."